Bosi anakula nini huku Marekani, na kopo linavyotudanganya

Haya jamani mambo zenu, karibuni tena, leo niko jikoni na huyu anayenizunguka miguuni ndo Bosi mwenyewe, paka wangu. Mmeniuliza sana eti paka ananunuliwaje chakula kwa dola wakati nyumbani Tanga anakula kichwa cha samaki na ukoko wa ugali na maisha yanaenda. Mama yangu ndo kabisa, nikimpigia kwa video anacheka mpaka miwani inamshuka.

Ila tusidanganyane, paka wa nyumbani haishi kwa ukoko, usiku yuko stoo anakamata panya na panya mzima ana nyama, moyo, maini, maji humohumo. Paka ni mla nyama haswa. Kuna kirutubisho cha kwenye nyama kinaitwa taurini, mwili wake hauwezi kutengeneza ya kutosha, akiikosa macho yanaharibika na moyo unachoka, na wenye viwanda walikuwa hawajalijua hilo vizuri mpaka mwaka 1987 watafiti wa chuo kikuu pale Davis, California, walipoonyesha kuwa paka wenye moyo uliotanuka walikuwa na upungufu wa taurini japo wanakula chakula cha dukani, wakaongezewa, wengi moyo ukarudi.

Sasa Bosi ni paka wa ghorofani, panya atamtoa wapi? Mwaka wa kwanza nilimpa zile punje kavu tu, kisa bei. Punje zina maji kama asilimia 10, chakula cha kopo kinafika 78, na paka kunywa maji ni mvivu, asili yake jangwani huko. Asubuhi moja namkuta kwenye boksi lake la mchanga, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu. Mkojo umeziba, na dume akiziba ni siku mbili tatu tu amekufa. Bili ilizidi kodi yangu ya mwezi, sitanii. Tangu hapo ni kopo, punje kidogo tu za kuchangamshia.

Sasa ona hili kopo, ngoja nisogeze kamera. Jodari mzimaaa mbele, halafu herufi ndogo "with tuna", yaani yenye jodari. Kwa kanuni za lebo za huku hilo "with" maana yake jodari asilimia 3 inatosha! Ikiwa "dinner" ni kuanzia 25, ikiwa "tuna" tupu bila maneno mengine ni 95 ukitoa maji. "Flavor" ndo ladha tu, sahau. Kisha geuza nyuma utafute "complete and balanced", yaani anaweza kula hicho peke yake akatosheka, bila hayo maneno hiyo ni asusa.

Na protini msihadaike, kopo linasema asilimia 10, punje 32, unakimbilia punje. Toa maji kwanza: 10 kwenye 22 zilizobaki ni kama 45, punje ni 32 kwenye 90, kama 36 hivi.

Mlioko nyumbani dagaa wa kuchemsha poa sana, ila bila chumvi wala kitunguu, na panadoli msimpe hata robo, inaua.

Mama anauliza hapa kama hilo kopo la 95 binadamu anaweza kulishushia na wali.