Kadi za Sigara: Kumsoma Askari kwa Koti na Silaha Yake

Mabibi na mabwana, karibuni. Kadi tunayoizungumzia leo ina milimita 36 kwa 68 hivi, na ilitiwa ndani ya pakiti za sigara Uingereza kabla ya vita vya 1914. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuikaza pakiti ili sigara zisipondeke. Picha ilikuwa ya kumrudisha mteja dukani. Kampuni za sigara za Wills na Player's zilizitoa kwa seti, mara nyingi za kadi 25 au 50.

Anayeanza kukusanya kadi zenye picha za askari huvutwa na koti jekundu. Koti hilo halimwambii mengi, kwani sehemu kubwa ya askari wa miguu walilivaa kwenye gwaride. Tazama kola na pindo za mikono. Kwa utaratibu wa jeshi la Uingereza wa 1881, bluu ni rejimenti yenye hadhi ya kifalme. Kwa zilizobaki, nyeupe ni England na Wales, manjano Scotland, kijani Ireland. Walinzi wa mfalme wahesabie vifungo vya kifuani: kimoja kimoja ni Grenadier, viwili viwili Coldstream, vitatu vitatu Scots, vinne vinne Irish. Vitano vitano ni Welsh Guards, walioundwa 1915. Ukiambiwa kadi yao ni ya 1900, usitoe hela.

Mshipi mwekundu wa begani nao una lugha yake. Ukipita bega la kushoto ni afisa, la kulia ni sajini, isipokuwa masajini wa rejimenti ya Somerset Light Infantry, waliouvaa kama maafisa. Ila kagua upanga kwanza. Huning'inia kushoto. Kwenye jiwe la kuchapia kadi, mchoro huwekwa kinyume, na ukikosewa, kila kitu hugeuka: upanga ukiwa kulia, mshipi usiuamini.

Kibendera cha mkuki wa wapanda farasi, chekundu juu na cheupe chini, kiliigwa kwa Wapolandi pamoja na mkuki wenyewe, mwaka 1816.

Balaa kubwa ni weupe. Mara nyingi haukuchapwa, ni karatasi tupu, na karatasi huzeeka ikawa manjano. Hapo Mwingereza hugeuka Mskoti! Linganisha kola na glavu au ukingo wa kadi. Vikiwa na rangi moja, ni uzee tu. Jihadhari na The Buffs, rejimenti ya East Kent, waliorudishiwa mwaka 1890 rangi yao ya kola, inayofanana na ngozi ya mnyama iliyolainishwa: hao kola yao ni ya manjano hafifu kweli, na glavu hubaki nyeupe kuliko kola.