Kamba ya Motomachi: Kumbukumbu za Mwanagenzi Kiwandani

Mheshimiwa mkuu wa chuo, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi wa umakanika mnaoanza mwaka wenu wa kwanza,

Nimeombwa nieleze habari za safari yangu ya mafunzo nchini Japani nilipokuwa mwanagenzi, nami nitazungumzia mahali pamoja tu: kiwanda cha Toyota cha Motomachi, kilichofunguliwa mwaka 1959 katika mji ambao hadi mwaka huohuo uliitwa Koromo, kabla haujapewa jina la kampuni yenyewe.

Niliingia humo nikiamini kwamba nayajua magari. Nilikuwa nimejifunza kazi katika gereji ya mtaani Dar es Salaam, ambako gari huletwa likiwa bovu na fundi hulifungua kipande baada ya kipande, lakini sikuwa nimewahi kuliona gari likizaliwa. Nakumbuka zaidi ya yote milango. Bodi ikishapakwa rangi, milango huvuliwa ikapita njia yake ya peke yake, ili mafundi waweze kuingia na kufunga nyaya, dashibodi na viti bila kuikwaruza, kisha mbele kabisa kila mlango hukutana tena na bodi uliyotoka. Nilisimama pale hadi mwenyeji wetu akanigusa bega.

Tukiwa bado hapo, muziki mwepesi ulianza kupigwa, na taa ya njano ikawaka kwenye ubao uliokuwa juu, penye namba za vituo vyote vya kazi. Kijana mmoja, ambaye kwa kumtazama hakunizidi umri, alikuwa amevuta kamba iliyopita juu ya kichwa chake kwa sababu bolti moja haikukaa sawasawa. Kiongozi wa kikundi chake alifika mbio. Gari liliendelea kusogea taratibu kuelekea alama iliyochorwa sakafuni, na kama wangefika kwenye alama hiyo kabla kasoro haijaondolewa, sehemu ile nzima ya mstari wa kuunganishia magari ingesimama. Walimaliza kabla. Kiongozi akavuta kamba mara ya pili, muziki ukakatika, na kazi ikaendelea.

Mwenyeji alitueleza kwamba wazo hilo lilitoka kwenye ufumaji wa nguo. Sakichi Toyoda, ambaye mwanawe Kiichiro ndiye aliyeanzisha kazi ya magari, alikamilisha mwaka 1924 mtambo wa kufuma uliosimama wenyewe uzi ulipokatika, na mwaka 1929 haki za mtambo huo zikauzwa kwa kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza. Mtambo usiosimama, alisema, hufuma kitambaa kibovu kwa bidii ileile unayofumia kizuri.

Neno uzi lilinichoma, na ni lazima niwaambie kwa nini. Miezi michache kabla ya safari hiyo nilikuwa nimekaza mno plagi ya kumwagia oili ya gari la mteja, nikaua uzi wa tundu lake, yaani ile mikato ya mzunguko inayoishika plagi. Kwa kuogopa kukatwa posho niliizungushia utepe, nikaifuta vizuri na kunyamaza. Oili ilivuja yote njiani na injini ikakwama. Katika gereji ile hakuna aliyejua chanzo chake isipokuwa mimi.

Kwa hiyo nilimwomba mkalimani amuulize kiongozi yule ni kiasi gani cha mshahara hukatwa kwa mtu anayevuta kamba. Mkalimani aliniomba nirudie swali. Aliponifikishia, kiongozi naye akaomba lirudiwe, kwa maana hakuelewa kijana yule akatwe kwa kosa gani, ilhali ametoa taarifa mapema, wakati bolti bado inafikika kwa mkono, kabla haijafunikwa na vipande vingine ambavyo vingehitaji kufunguliwa vyote ili kuifikia. Kisha akaniongoza hadi kwenye kituo kile, akanionyesha bolti yenyewe.

Niliporudi nyumbani nilimweleza fundi wangu habari ya plagi. Alikaa kimya kwa muda mrefu, akaniuliza maswali mawili matatu juu ya ile kamba, kisha akasema kwamba mwenye gari anaishi mtaa wa pili na kwamba jioni huwa hakosekani nyumbani. Tulifunga gereji mapema tukaenda.