Rangi Kuukuu: Hatari Huja Siku ya Kukwangua

Mabibi na mabwana, mafundi, wenye nyumba na walimu mliofika: hamjambo.

Tuanze na mlango. Chukua mlango wa kawaida wa nyumba ya zamani hapa Nairobi, mita 2 kwa sentimita 80. Rangi nyingi za zamani zina risasi, ile metali nzito yenye sumu (kwa Kiingereza lead). Marekani huihesabu rangi kuwa ya risasi ikifika miligramu 1 ya madini hayo kwa kila sentimita mraba. Upande mmoja wa mlango huo ni sentimita mraba 16,000, kwa hiyo kwa kipimo hicho unabeba gramu 16 za risasi. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri chanzo kitafutwe risasi ikifika maikrogramu 5 katika mililita 100 za damu. Mtoto wa kilo 15 ana damu lita 1.1 hivi, maana yake ni maikrogramu 55 tu katika damu yake yote. Mlangoni zipo milioni 16.

Rangi hiyo ikiwa imeshika vizuri, haibanduki, wala mlango hausuguani na fremu, inaweza kukaa pale bila kumdhuru mtu. Balaa huanza fundi anapofika na msasa mkavu.

Risasi iliwekwa ili rangi ikolee, ikauke upesi na chuma kisishike kutu. Itafuteni zaidi kwenye rangi za mafuta: mageti, vyuma vya madirisha, bembea za shule, hasa za manjano, chungwa, nyekundu na kijani. (Praima, yaani rangi ya kwanza, ya redioksaidi hupata wekundu wake kwa kutu ya chuma; praima ya risasi yenyewe ina wekundu wa chungwa. Msizichanganye.) Kiwango cha juu cha risasi kinachoruhusiwa Kenya leo ni miligramu 90 kwa kilo ya rangi. Ni kiwango kizuri, lakini mkebe mpya hauondoi makoti matano yaliyo chini yake.

Sasa kazi yenyewe. Watoto na wajawazito waondoke mpaka usafi uishe. Mtoto hufyonza risasi anayoimeza mara nne au tano kuliko mtu mzima. Toa vyombo na mapazia. Tandika nailoni nzito sakafuni, ifike mita 2 kutoka unapofanyia kazi, ukingo wake uubandike kwa selotepu. Nje, fika mita 3, na upepo ukivuma simamisha kazi. Nyunyizia maji kwa chupa ya pampu, kwangua, nyunyizia tena. Sehemu ikikauka, umeanza kutoa vumbi. Ukihitaji msasa, tumia ule wa maji.

Grainda isiyo na mfuko wa kunasa vumbi isiguse rangi hiyo. Moto wa gesi vilevile: joto likipita nyuzi 590 hivi, risasi hugeuka mvuke, na mvuke huo huingia moja kwa moja mapafuni. Barakoa ya kitambaa haizuii kitu hapa. Inatakiwa ya kichujio cha P3, daraja la kunasa vumbi laini sana, inayokaza usoni, na ndevu huifanya ivuje. Mwenye nyumba, ilipie wewe. Ni dhuluma kumpa kijana kazi hii na kitambaa puani.

Ufagio usitumike kabisa, kwa kuwa hurusha vumbi laini ambalo hutua tena baada ya saa kadhaa, wakati kila mtu anadhani pamesafishwa. Kunja nailoni kwa ndani, kisha piga deki kwa ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia, ukibadilisha maji kila chumba. Nguo za kazi zifuliwe peke yake.

Maji ya ndoo yalale usiku kucha. Ya juu yamwagwe chooni kwenye bomba la maji taka, tope litiwe kwenye mfuko. Mtaro wa mvua hapana. Mtaro huenda Mto Nairobi, mto huingia Athi, Athi hukutana na Tsavo na kuwa Galana, halafu Sabaki, mpaka Bahari Hindi karibu na Malindi. Risasi haiozi njiani.

Na bahari tayari ina mzigo wake. Rangi za meli na boti zilitiwa tributilitini, sumu ya bati inayozuia viumbe kujinatisha chini ya meli. Nanogramu chache kwa lita ziliwafanya konokono wa kike wa baharini kuota viungo vya dume, wengine wakashindwa kuzaa. Mkataba wa kimataifa wa kuipiga marufuku ulipitishwa 2001 na kuanza kutumika Septemba 2008, lakini katika tope lisilo na hewa sumu hiyo hudumu miaka mingi. Rangi za siku hizi nyingi zina shaba, nayo huua viumbe wadogo. Kwa hiyo anayekwangua boti mchangani maji yakitoka, atandike turubai pande zote, alowanishe, na maganda yaingie guniani kabla maji hayajajaa.