Ukizidisha Mchango wa Uzeeni, Utoe Pamoja na Faida Yake

Wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie kodi, na najua mtu akisikia kodi Jumamosi mchana anaanza kuulizia chai. Chai ipo, inakuja.

Wengi wetu hapa Minnesota tumeshajifunza kuweka akiba ya uzeeni. Kazini kuna 401(k), yaani akiba ya uzeeni inayokatwa kwenye mshahara, na nje ya kazi mtu anafungua IRA yake, akaunti binafsi ya akiba ya uzeeni. IRA ya kawaida ilikuja na sheria ya 1974. Roth IRA, yenye jina la seneta William Roth wa Delaware, ilikuja na sheria ya 1997. Kwenye Roth unaweka pesa iliyokwisha kukatwa kodi, na uzeeni, ukifuata masharti, hudaiwi tena.

Kinachosahaulika ni kikomo cha mchango wa IRA kwa mwaka. Kwa mwaka 2025 kikomo ni dola 7,000, na aliyefikisha miaka 50 anaongezewa 1,000. Hicho ni kikomo cha IRA zako zote kwa jumla, kwa hiyo mwenye akaunti tatu hana vikomo vitatu. Tena huwezi kuweka zaidi ya ulichopata kwa kufanya kazi mwaka huo. Kodi ya nyumba unayopokea kwa mpangaji kule Nakuru haihesabiwi.

Roth ina mtego mwingine, na huu ndio ninaouona ukinasa watu wetu zaidi. Mseja akipata dola 165,000 au zaidi mwaka 2025, haruhusiwi kuchangia Roth hata senti. Wengi wanaujua huo. Lakini wanandoa wanaoishi pamoja, kila mmoja akajaza ritani yake, yaani taarifa ya kodi ya mwaka, peke yake, kikomo chao cha mapato ni dola 10,000. Elfu kumi tu! Na watu hutenganisha ritani kwa sababu za maana kabisa, mara nyingi ili malipo ya mkopo wa masomo yapungue. Hakuna anayewaambia kwamba kwa kufanya hivyo wameifunga Roth. Kama hamkuishi pamoja hata siku moja mwaka mzima, hapo sheria inakuhesabu kama mseja.

Tuchukue mfano. Tumwite Neema, muuguzi, kijana bado. Anaishi na mumewe, wanajaza ritani mbalimbali. Machi 2025 aliweka 7,000 kwenye Roth iliyokuwa na 13,000. Sasa anaambiwa na mtayarishaji wa ritani: hizo zote 7,000 ni ziada.

Akinyamaza, anatozwa asilimia 6 ya ziada, yaani dola 420, kwa fomu 5329. Hiyo 420 si ya mara moja. Kila Desemba 31 ikiikuta ziada imo ndani, inatozwa tena. Nimeona watu walionyamaza miaka mitano wakidhani ni kosa lililopita.

Asiponyamaza, njia rahisi ni kuitoa kabla ya siku ya mwisho ya ritani, Aprili 15 mwaka huu wa 2026. Aliyewasilisha ritani yake kwa wakati anaongezewa hadi Oktoba 15, ila atarekebisha ritani hiyo. Sheria inataka ziada itoke na faida iliyozaa, kama vile mbuzi wa watu aliyezalia kwako anavyorudi na mwanawe.

Faida inapatikanaje? Mnachukua salio la mwanzo pamoja na mchango: 13,000 na 7,000, jumla 20,000. Siku ya kutoa, akaunti ina 22,000, na hakuna kilichoingia wala kutoka katikati. Imekua kwa asilimia 10. Basi fungu la zile 7,000 ni 700. Neema anatoa 7,700. Kampuni inayotunza akaunti itakupigia hesabu hiyo, lakini ijue mwenyewe.

Sasa kodi. Zile 7,000 hazitozwi chochote, kwa sababu zilikwisha kukatwa kodi zilipokuwa mshahara. Inayotozwa ni 700, kama mapato ya kawaida. Neema akiwa kwenye ngazi ya asilimia 22, ni dola 154 kwa serikali kuu. Kodi ya jimbo tuiache pembeni. Zamani aliye chini ya miaka 59 na nusu aliongezewa asilimia 10 juu ya faida hiyo, lakini sheria iliyotiwa saini Desemba 2022 imeifuta. Bado nawasikia watu wakiitisha wenzao kwa hiyo asilimia 10.

Hapa nisikilizeni vizuri. Ile 700 ni mapato ya mwaka mchango ulipowekwa, yaani 2025, ingawa pesa inatoka 2026. Fomu 1099-R, inayoonyesha pesa iliyotoka kwenye akaunti, itamfikia Neema Januari 2027, ikiwa na herufi P na J. P maana yake inahusu mwaka uliotangulia. Mtu akiipokea bila kujua, anaiandika kwenye ritani ya 2026 na kulipa kodi mara ya pili.

Na ukipiga simu kwenye kampuni, usiseme tu unataka kutoa pesa. Waambie unarudisha mchango uliozidi, wakupe fomu yake. Ukitoa kama mtu anayetoa kwa matumizi, utaandikiwa herufi nyingine, kisha uanze kuandikiana barua na IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani.

Akichelewa kupita Oktoba, anatoa 7,000 peke yake, ile 700 inabaki ndani. Ile asilimia 6 ya 2025 atailipa, 420, haikwepeki. Akitoa kabla ya Desemba 31, 2026, ya pili haimgusi.

Kuna pia njia ya kuuhamishia mchango na faida yake kwenye IRA ya kawaida kabla ya siku ya mwisho. Hapo hatozwi kodi ya 700 sasa. Binafsi ningemshauri Neema aifikirie kwanza, mradi ajaze fomu 8606, inayoonyesha kwamba mchango huo ulikwisha kukatwa kodi.

Wenye kazi mbili na 401(k) mbili: kikomo cha 2025 ni 23,500 kwa zote, na mwajiri mmoja hajui unachokatwa kwa mwingine. Ziada ya 401(k) mwisho wa kuitoa ni Aprili 15, hakuna Oktoba. Ukipitisha, pesa ile inatozwa kodi mwaka huo na inatozwa tena siku utakapoitoa.

Mama hapa mbele anauliza, je, kama akaunti imepata hasara? Swali zuri, mama. Hesabu ni ile ile. Kama 7,000 yako imebaki 6,300, unatoa 6,300 na ziada inahesabiwa imerudi yote. Hulipi kodi, ila ile 700 iliyopotea huruhusiwi kuipunguza kwenye mapato yako.