Kabla Hujamwita Dalali: Namna ya Kuiandaa Nyumba Unayotaka Kuiuza

(Mhadhara kwa wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha wastaafu, Dar es Salaam)

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu, asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Nimepewa nusu saa, na najua nikipitiliza mtaanza kuangalia saa zenu, basi naingia moja kwa moja.

Mimi ni mthamini wa majengo. Kazi yangu ni kuingia kwenye nyumba za watu, kuzikagua na kuandika zina thamani gani. Mwenyekiti ameniambia wengi wenu mna nyumba mlizojenga miaka ya themanini na tisini, watoto wameshaondoka, na mnafikiria kuuza mkajenge ndogo Kibaha au Bagamoyo, au mrudi kijijini kabisa. Vizuri. Ila nyumba haiuzwi kwa kusema tu "nauza".

Mkipita Magomeni, Tandika au Buguruni mnaona ukutani maandishi makubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Mwingine ameongezea: OGOPA MATAPELI. Tunacheka, lakini ukuta ule unakwambia mnunuzi wa mji huu anaogopa nini. Haogopi rangi iliyochakaa. Anaogopa kutoa milioni 80 leo, kesho aje shangazi kutoka Kilosa aseme nyumba ni ya marehemu kaka yake na yeye hakushirikishwa. Kwa hiyo kuandaa nyumba, kwa maana yangu mimi, ni kumtoa mnunuzi hofu. Rangi itakuja baadaye sana.

Anzeni na bahasha. Kila mmoja wenu ana bahasha ya kaki kabatini, chini ya vitenge. Itoe, uisome kama vile si yako. Kwanza jina. Kwenye hati umeandikwa jina la babu mwishoni, kwenye kitambulisho cha NIDA umeandikwa ukoo. Wewe unajijua ni mtu mmoja, ofisi ya ardhi inaona watu wawili. Jambo hili linanyooshwa kwa kiapo mbele ya wakili au kwa hati ya kubadili jina, lakini linyooshe sasa, usingoje mnunuzi amekaa na hela benki.

Pili, muda. Hati miliki hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Kuna wazee hapa, natazama nyuso zenu, ambao mlipewa viwanja mwaka 1990 kwa hati ya miaka 33. Pigeni hesabu. (Kicheko.) Naam, iliisha mwaka 2023. Haina maana kwamba umenyang'anywa nyumba, muda huombwa upya, lakini mnunuzi anayejua kusoma hatalipa bei kamili kwa hati iliyokwisha. Na kama anategemea mkopo wa benki, benki ndiyo itakayokataa.

Tatu, rehani. Mtu alikopa benki akaweka nyumba dhamana, akalipa mpaka senti ya mwisho, akafanya sherehe. Hati akarudishiwa. Lakini kule kwa Msajili wa Hati hakuna aliyekwenda kuifuta ile rehani. Miaka inapita, wakili wa mnunuzi anafanya upekuzi, yaani anakagua kumbukumbu za hati kwa Msajili, anakuta nyumba ina mzigo. Wewe unaapa kwamba deni liliisha, na kweli liliisha, ila karatasi ndiyo inayoaminiwa. Fanya upekuzi wewe mwenyewe kwanza. Ukiikuta, iombe benki barua ya kuifuta.

Halafu kodi ya pango la ardhi, ile ya kila mwaka. Wengi tunaisahau. Chukua namba ya kumbukumbu ya malipo, hii tunayoiita kontroo namba, uilipe yote na utunze stakabadhi. Kodi ya jengo yenyewe tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa hiyo hiyo inajilipa yenyewe, isipokuwa kama kuna mita ya banda la nyuma ambayo haijawekewa umeme muda mrefu. Hapo deni linajikusanya kimyakimya, na atakayelikuta ni mwenye nyumba mpya siku ya kwanza anaponunua umeme.

Nasikia mtu anasema yeye hana hati, ana karatasi ya mauziano ya mwaka 1987 iliyosainiwa na balozi wa nyumba kumi. Mzee wangu, nusu ya mji huu uko hapo. Nyumba yako inauzika, lakini kwa bei nyingine. Kama mtaa wenu uliingia kwenye urasimishaji, ule mpango wa kupima na kumilikisha viwanja vilivyojengwa bila kupimwa, na mkachangia hela za upimaji, ufuatilieni mradi huo mjue umekwama wapi. Mara nyingi upimaji umefanyika, ramani imeidhinishwa, kilichobaki ni mwenye kiwanja kwenda kumilikishwa. Kiwanja kilichopimwa na chenye hati kinauzwa kwa bei iliyo mbali na cha jirani yake mwenye karatasi ya balozi, na gharama ya kuipata hati ni ndogo ukilinganisha na tofauti hiyo. Nikiambiwa nichague kati ya hela ya rangi na hela ya hati, sifikirii mara mbili.

Na mipaka. Nendeni mkatafute bikoni, yale mawe ya mpaka yaliyowekwa na wapimaji. Ile ya kona ya nyuma, ambako mlipanda mwarobaini, chimbeni muione. Kama jirani alijenga choo juu yake, ni vizuri mjue leo. Tena angalieni hifadhi ya barabara, ile ardhi ya pembeni iliyotengwa kwa ajili ya barabara. Waliokuwepo Kimara mpaka Kiluvya mwaka 2017 wanajua alama ya X nyekundu, ile ya kubomolewa, inafanya nini kwenye nyumba ya ghorofa. Kama unakaa pembeni ya barabara kuu, mnunuzi wako atauliza, na jibu la "hapa hawafiki" halina thamani yoyote.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo watu hawapendi niliguse. Familia. Baba mmoja alinipeleka kuthamini nyumba yake upande wa Mbagala. Nafika, mama yuko uani anapepeta mchele. Baba ananinong'oneza: "Mwambie umetoka serikalini, unapima tu." Nikafunga daftari. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inasema nyumba ya familia haiuzwi, haiwekwi rehani, haitolewi zawadi, mpaka mwenza akubali. Hata kama hati ina jina lako peke yako. Mke asipokubali, unamuuzia mtu kesi. Na kama mna wake wawili, na nyumba hiyo ndiyo anayokaa mdogo, usije na saini ya mkubwa ukadhani umemaliza.

Nyumba ya marehemu ni hivyo hivyo, ila ndefu zaidi. Kikao cha ukoo kinapendekeza msimamizi wa mirathi. Kinachomteua ni mahakama. Muhtasari wa kikao peke yake, hata ukiwa na saini ishirini, hauuzi nyumba. Akishateuliwa, jina lake linaingizwa kwenye hati kama msimamizi, ndipo auze. Na msimamizi hajawa mwenye mali! Anauza kwa niaba ya warithi, na anatakiwa kurudi mahakamani kueleza fedha zimekwendaje. Kabla ya kumwita dalali, wakaeni warithi wote, na yule aliye Muscat au Dubai apigiwe simu ya video, waandike wamekubaliana bei ya chini ni ipi. Nimeona nyumba ikikosa mnunuzi mzuri kwa sababu kaka anataka 120 na dada amemwambia dalali 95.

Haya, tuingie ndani ya nyumba.

Watu wakisikia "kuandaa nyumba" wanakimbilia duka la rangi. Wanachukua rangi ya mafuta, ya krimu, wanapaka sebule, harufu haijaisha mnunuzi anaitwa. Mimi nikiingia kwenye nyumba inayonuka rangi mpya, jambo la kwanza nainama. Naangalia ukuta sentimita 30, 40 juu ya sakafu. Napitisha kidole. Kama kuna chumvi, inatoka ungaunga mweupe, au rangi imevimba malengelenge. Kisha nagonga kwa ufunguo. Lipu iliyoshika inatoa sauti nzito. Iliyoachia inalia tupu. Mnunuzi naye siku hizi anakuja na fundi wake, na fundi anagonga hivyo hivyo.

Chumvi inatoka wapi? Maji ya ardhini yanapanda ndani ya tofali, yanabeba chumvi, yakikauka usoni mwa ukuta chumvi inabaki na kusukuma lipu. Nyumba zetu nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, na wengine, tuseme ukweli, tofali zilifyatuliwa kwa mchanga wa pwani. Ukiifunika kwa rangi ya mafuta unayazuia maji yasitoke, yanatafuta njia juu zaidi. Baada ya masika moja ukuta ni mbaya kuliko ulivyokuwa. Bandua lipu iliyooza mpaka upite pale unyevu ulipoishia, acha ukuta upumue mpaka ukauke kweli, ndipo upige lipu mpya. Tena nenda nje uangalie: mara nyingi kosa ni udongo uliorundikwa kwenye ukuta, au bomba la bafuni linalovuja, au bati halina mfereji na maji yanachimba msingi. Kama huna hela ya kufanya hivyo, acha ukuta ulivyo, umwambie mnunuzi, mpunguziane.

Juu ya dari sitakaa sana. Mpandishe fundi na tochi aangalie mchwa kwenye kenchi na misumari ya bati iliyokula kutu. Doa la kahawia kwenye jipsamu lisipakwe rangi kabla tundu la bati halijazibwa.

Vitu vidogo vinavyolipa ni hivi: milango ifunge bila kunyanyuliwa, vitasa viwe na funguo, swichi zisining'inie, bomba zisidondoshe, simtanki liwe na mfuniko, shimo la maji taka liwe limenyonywa. Nyavu za madirisha zibadilishwe. Ni hela ndogo, na nyumba inang'aa. Uani toa matairi, friji bovu, na ile gari ya mjomba isiyo na injini. Kubadilisha marumaru zote au kuweka jiko la kisasa ili uuze, mimi siwashauri. Mnunuzi ana ladha yake, atang'oa.

Wapangaji je? Kama una wapangaji wamelipa miezi sita mbele, mkataba wao hauishi kwa sababu wewe umeuza. Waambie mapema, kwa heshima. Mpangaji aliyesikia habari kwa dalali ndiye atakayemwambia mnunuzi getini kwamba maji hapa hayatoki wiki nzima.

Madalali. Siwatukani, wengine wanakula jasho lao kihalali. Ila mpe bei yako kwa maandishi, mkubaliane asilimia yake, na umwambie huruhusu cha juu, yaani ile nyongeza anayojiwekea juu ya bei yako. Vinginevyo wewe unasema 90, yeye anauza 110, na mnunuzi mzuri wa 95 hukumsikia kamwe. Wakiwa madalali sita, kila mmoja na bei yake, mtaa mzima utajua nyumba yako ina shida hata kama haina.

Kuhusu bei, nitawaudhi kidogo. Soko halilipi jasho. Mlilipia saruji mara mbili kwa sababu fundi aliiba, mnunuzi hayamhusu. Mthamini aliyesajiliwa atakupa thamani ya soko, na taarifa ya uthamini utaihitaji tu, kwa sababu uhamisho wa umiliki unapitia kwa Mthamini Mkuu wa Serikali. Tafuteni pia stakabadhi za ujenzi. Kodi ya ongezeko la mtaji kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, na faida inapungua kwa kila gharama unayoweza kuithibitisha. Aliyemiliki nyumba na kuishi ndani kwa miaka 3 au zaidi, kama faida haizidi milioni 15, sheria imemsamehe. Lakini bajeti ya kila Juni hubadilisha mambo, kwa hiyo nendeni TRA, Mamlaka ya Mapato, mkaulize kabla ya kusaini.

Kuna swali pale nyuma. Mama, sema.

Mama anauliza: nyumba yake iko bondeni, mafuriko ya Desemba 2011 maji yalifika kwenye madirisha. Amwambie mnunuzi, au anyamaze kwa kuwa aliinua sakafu na kuchimba mtaro?

Mwambie, mama. Alama ya maji bado ipo nyuma ya kabati, na muuza genge wa mbele atamsimulia kabla hajafika kwako. Mwonyeshe sakafu ulivyoinua, mwonyeshe mtaro unakomwaga. Mwambie aje tena siku ya mvua ya masika, asimame uani aangalie mwenyewe. Kisha wakili aandike kwenye mkataba kwamba mnunuzi ameelezwa habari za maji na amekubali. Utapoteza kiasi kwenye bei, ndiyo. Lakini maji yakirudi miaka mitatu baadaye, hatakuja kukudai wewe.