Weusi Unaotaka Subira

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie jinsi sanaa ya kisasa inavyobadilisha namna tunavyoona. Mada ni pana kuliko muda niliopewa, kwa hiyo nimechagua rangi moja tu, nyeusi, ambayo kila mtu anadhani anaijua.

Nianzie kiwandani, si kwa mchoraji. Mwaka 1824 mkemia Michel-Eugène Chevreul alikabidhiwa idara ya kutia nyuzi rangi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, palipofumwa mazulia ya ukutani yenye picha. Akakuta malalamiko: uzi mweusi umefifia, hasa ukitumika kutia vivuli kwenye nguo za buluu na zambarau. Chevreul akauchunguza, akaulinganisha na nyuzi nyeusi za kwingine. Uzi haukuwa na kasoro. Uliponzwa na jirani. Weusi uleule ukikaa kando ya buluu jicho hulisoma jambo moja, ukikaa kando ya nyeupe hulisoma jingine. Kitabu chake juu ya hayo kilitoka mwaka 1839. Yaani jicho halipimi rangi. Hulinganisha tu, na halimwambii mwenye jicho kwamba limelinganisha.

Mchoraji Mfaransa Claude Monet na wenzake walipotoka na turubai zao juani, waliona kwamba kivuli kwenye theluji si cheusi. Kina buluu, pengine zambarau. Wakakichora hivyo, na walipofanya maonyesho yao ya kwanza ya pamoja mwaka 1874 wakafanyiwa mzaha. Leo hakuna anayeshtuka kwa kivuli cha buluu. Kivuli ni kilekile cha zamani. Sisi ndio tuliofundishwa kukitazama.

Mwaka 1915, huko Petrograd, Urusi, mchoraji Kazimir Malevich alitundika mchoro wake wa mraba mweusi juu kabisa pembeni mwa chumba, mahali ambapo nyumba za Warusi Waorthodoksi huweka picha takatifu. Wengi huishia kuubishania kama ni sanaa au si sanaa, ubishi ambao mimi binafsi umenichosha. Lililonivutia ni nyufa. Rangi ya juu imepasuka kwa umri, na kwenye mipasuko mnachungulia rangi nyingine. Wataalamu walioupiga picha za eksirei walitangaza mwaka 2015 kwamba chini yake kuna michoro mingine yenye rangi.

Sasa nataka tukae kidogo na Ad Reinhardt, Mmarekani. Kuanzia mwaka 1960 mpaka karibu na kifo chake mwaka 1967 alichora karibu picha moja tu, tena na tena: turubai la mraba, kila upande kama mita moja na nusu, jeusi tupu. Ukipita mbio, umeona turubai jeusi, basi. Ukisimama dakika kadhaa, jambo linaanza. Miraba tisa inajitenga, mitatu kwa mitatu. Mmoja una wekundu ndani ya weusi, mwingine buluu, mwingine kijani, halafu msalaba unajitokeza polepole. Ukipepesa macho, umepotea. Reinhardt aliipunguza rangi mafuta ili isimeremete, kwa hiyo hakuna mng'ao wa kulipumbaza jicho. Kwenye simu hamtaona kitu, nawaambia mapema. Picha za namna hii hazipigiki. Hapo msanii hakuweka kitu cha kuonwa tu. Aliweka na muda wa kukiona, na asiyetoa muda huo hajaiona picha, hata akiwa na tiketi mkononi.

Nimalizie na Kerry James Marshall, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Birmingham, Alabama, mwaka 1955. Katika majumba ya sanaa aliwakuta watu wa rangi yake wachache mno kwenye michoro. Mwaka 1980 akachora kipicha kidogo, kisichozidi ukubwa wa daftari: mtu mweusi, koti jeusi, kofia nyeusi, nyuma yake giza. Jicho lenye haraka linaona weupe wa macho, shati, na meno yenye pengo. Marshall alijua litaona hivyo, na alijua dhihaka ya kumwona mtu mweusi kuwa macho na meno tu gizani ilitoka wapi. Katika kazi zake za baadaye hakuchanganya nyeupe ili kuwafanya watu wake waonekane. Alichukua weusi wa aina mbalimbali, wa kaboni, wa oksidi ya chuma, wa mifupa iliyochomwa, akautia buluu au kijani au zambarau, mpaka shavu likatofautiana na paji la uso bila mtu kuwa mweupe hata kidogo.

Naomba taa za mbele zizimwe. Hiki hapa kipicha cha mwaka 1980, na skrini itakidhulumu kiasi. Msiseme lolote kwa dakika mbili. Kisha atakayeona ukingo wa kofia unapoishia anyooshe mkono.