Mamlaka ya Banki Kuu Yanaishia Wapi?

Baba na mama wa kopeki za Lubumbashi, yaani vyama vyetu vya akiba na mikopo, hili nimelisema Katuba, nimelisema Ruashi, na leo nalirudia hapa Kamalondo: kile kibali cha Banki Kuu ya Kongo kilichotundikwa ukutani hakisemi kwamba akiba yenu iko salama. Kinasema kopeki imeruhusiwa kufanya kazi. Basi!

Mtaniuliza, kwani Banki Kuu haina nguvu? Inazo. Sheria ya kopeki, namba 002/2002 ya Februari 2, 2002, inaipa nguvu ya kutoa kibali, kukagua na kukiondoa. Lakini nguvu hizo zinafika pale sheria ilipoandikwa, hazipiti hapo.

Wanaonijua wanajua sasa nachukua mfano wa Marekani. Sheria yao ya 1934 ilitaka wanachama wa chama cha akiba na mikopo wawe na kitu kinachowaunganisha, kama kazi moja. Mwaka 1982 msimamizi wa vyama hivyo, shirika la serikali liitwalo NCUA, akaamua kwamba chama kimoja kinaweza kukusanya vikundi vya kampuni mbalimbali, mradi kila kikundi kiwe na kiungo chake. Nia ilikuwa njema. Chama kimoja cha North Carolina, kilichoanzia kwa wafanyakazi wa kampuni ya simu ya AT&T, kikapanuka mpaka hao wakabaki asilimia 35 tu; wengine walikuwa watu wa tumbaku, wa umeme, wa soda. Mabenki yakashtaki. Februari 1998 Mahakama ya Juu ikaamua, majaji 5 kwa 4, kwamba msimamizi amevuka sheria.

Tulieni hapo. Mahakama haikusema wazo ni baya. Ilisema si msimamizi wa kuliamua. Wanachama wakawasukuma wabunge, na Agosti mwaka huohuo Bunge likabadilisha sheria, vikundi vile vikaruhusiwa. Jambo lilinyooshwa na waliotunga sheria, na waliowasukuma ni wenye akiba.

"Hiyo ni Marekani," najua mtasema. Sawa! Kule akiba ya mwanachama ina bima ya serikali mpaka dola 250,000. Mama anayeuza mboga hapa asilale akitegemea mfuko wa namna hiyo. Ndiyo sababu mkutano mkuu wa wanachama una uzito zaidi kwetu: mtu mmoja, kura moja, mwenye duka na muuza mahindi sawasawa. Mkaguzi atasoma vitabu vya hesabu. Lakini nani kapewa mkopo kwa sababu ni shemeji ya meneja, hilo mnalijua ninyi wa mtaani, na vitabu haviliandiki.

Kabla ya mkutano mkuu ujao ombeni ripoti ya baraza la uangalizi, lile linalowachunguza viongozi wa kopeki, na muwaulize viongozi wenyewe wanadaiwa kiasi gani na kopeki. Mkiambiwa ni siri, waombeni wawaonyeshe kifungu cha sheria kinachosema hivyo.